Barke Mwosha na Bata wa Mtaliani

Watu wa Koyama walikuwa wakisema Barke hana kinyaa. Miaka ishirini na ushei alikuwa mwosha wa wanawake kisiwani pale. Aliyekufa na uzazi, aliyekufa na tumbo la kuendesha, hata yule maskini aliyetupwa pwani na bahari siku ya nne, samaki wamekwisha kumla uso, wote Barke aliwakunjia mikono ya kanzu akawaosha pole pole, upande wa kulia kwanza, kama anayemwogesha mwari. Wanawake waliomshikia shuka walitoka mmoja mmoja kwenda kutapika nyuma ya ua. Yeye alipomaliza alitoka akaulizia kahawa.

Mtu huyo huyo ndiye aliyefunua pakacha siku ile, akatazama ndani, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukuta.

"Arafa! Nini hiki?"

"Bata, mama."

"Bata gani? Hiki ni kinyesi. Naona kinyesi kina macho."

Arafa, mkaza mwanawe, ndiyo kwanza ashuke mashuani kutoka Kismayu, miguu bado ina mchanga wa pwani. Ndani ya pakacha mlikuwa na bata wadogo kumi na watatu, wamelowana kwa uchafu wao wenyewe, wamepandana migongoni, kila mmoja akimnyea mwenzake kichwani bila haya. Harufu ilipanda kama mvuke wa chungu. Mlikuwa na samaki aliyevunda, na pumba iliyochacha, na kitu cha tatu ambacho Barke, kwa yote aliyoyanusa duniani, hakukijua jina.

"Utawarudisha na mashua hiyo hiyo uliyowaletea."

"Siwezi, mama," Arafa alisema. Akaliweka pakacha chini taratibu kama lina mayai. "Hawa ndio Shee."

Hapo Barke akakaa.

Shee alikuwa mwanawe wa pekee, fundi wa mashua, mume wa Arafa. Mwaka ule Mtaliani alikuwa akipigana na Habeshi, na kila mwanamume mwenye mabega mapana alikuwa mali yake. Shee alikwenda Kismayu kununua misumari. Askari wakamkamata bandarini pamoja na wachuuzi na mabaharia, wakawapeleka kambi ya barabara nje ya mji, iliyozungushiwa seng'enge, wavunje mawe. Miezi minane sasa. Watu wawili waliotoka kambini humo, mmoja alitoka na homa isiyomwacha, mwingine alitoka na donda la mguu linaloonyesha mfupa.

"Ami Omar ndiye aliyenipa," Arafa alisema. Huyo Omar alikuwa ndugu wa babake, mpishi wa mkubwa wa kambi. "Anasema Mtaliani wake akilewa hulia. Hamlilii mke, hamlilii mama, anamlilia bata wa kwao, aliyeokwa, mafuta yanamtiririka. Ami akapata mayai kwa mpishi wa meli, akamwekea kuku ayalalie. Walioanguliwa mara ya kwanza wote waliliwa na nguchiro. Kisiwani kwetu hakuna nguchiro. Mtaliani amesema, mama, kwa kinywa chake: bata kumi wanono siku kuu yao, na jina la Shee litafutwa. Ami Omar amemwapisha kwa msalaba wake."

Barke alilitazama pakacha. Bata mmoja alikuwa ametoa kichwa baina ya makuti, akamtazama kwa jicho moja, kisha akageuka akamrushia kitu cha kijani, cha majimaji, kikatua nchani mwa leso yake.

"Siku kuu yao lini?"

"Miezi miwili na nusu."

"Ewe Mola," alisema Barke. "Ungenitaka jicho ningekupa."

Sasa uelewe ua wa Barke ulikuwaje. Kila Alhamisi alikwenda pwani na kikapu, akachota mchanga mweupe, akaumwaga uani na kuusawazisha kwa kuti. Mtu aliweza kusali popote pale bila ya kutandika kitu. Wanawake wakija kusuka ukili walivua viatu nje. Mwosha lazima awe safi kuliko watu, ndivyo alivyofundishwa na mamake, maana yeye ndiye wa mwisho kukugusa.

Siku tatu zilitosha. Kuku hunya akaenda zake. Bata hunya, akarudi kutazama, akakanyaga, akaeneza. Ule mchanga mweupe ukawa tope la kijivu linalonata. Ukiwawekea maji ya kunywa, wanaingia. Wakisha kuingia wanakunya. Wakisha kunya wanakunywa, tena kwa raha, wakiinua vichwa juu kama wanaomshukuru Mungu kwa kitu kile. Chakula chao kilikuwa matumbo ya samaki na machicha ya nazi. Wao walikitia kwanza ndani ya maji, wakakivuruga mpaka kikawa uji mweusi, ndipo wakauchuja kwa midomo ile bapa, ukiwavuja pande zote mbili. Sauti yake ilikuwa kama mtu asiye na meno anayekula tope. Barke aliisikia mpaka usingizini, na asubuhi hakutaka uji.

Akatafuta pahala pa kusali. Alihamisha msala kutoka uani mpaka barazani, kutoka barazani mpaka chumbani, na siku alipoukuta umekanyagwa nyayo za kijani za vidole vitatu, alijifunga buibui akaenda kwa Sharif Idarus, imamu, aliyekuwa akitengeneza wavu mlangoni pake.

"Sharifu, bata ni najisi?"

"Bata si najisi, Bi Barke. Kinyesi chake ndicho najisi."

"Basi Sharifu njoo nyumbani unionyeshe bata anaanzia wapi, maana mimi naona kinyesi tu."

Sharif Idarus alicheka mpaka sindano ikamtoka mkononi. Kisha akasema, "Osha palipoingia najisi, usali. Na subira ina malipo."

"Malipo yake nayajua. Yanavunja mawe Kismayu."

Arafa ndiye aliyewalisha na kuwazoa, masikini, lakini Arafa alikuwa na maji ya kuteka na samaki wa kukausha, na mikono miwili tu. Mwewe alichukua mmoja juma la kwanza. Barke alimwona akishuka, na Mungu amsamehe, kabla hajapiga kelele alipata nukta moja ya furaha. Kisha akakumbuka ni Shee aliyebebwa, akalitupia dege lile kinu kizima.

Wakabaki kumi na wawili.

Jirani, Mwanalima, mwanamke mwenye ulimi wa pweza, alikuwa akisimama juu ya kigogo upande wa pili wa ua achungulie.

"Bi Barke! Leo wanakula nini wajukuu?"

"Wanakula wambea. Shuka, watakuona."

"Mimi nashuka, harufu haishuki. Jana mume wangu kaniuliza nimepika nini. Nikamwambia sijapika, jirani kazaa."

Maneno ya Mwanalima Barke aliyazoea. Asilolizoea lilikuja siku ya mawingu, vuli imeanza, upepo una manyunyu ndani yake. Asubuhi ile alikufa Bi Hafswa, mwanamke mkubwa, rafiki yake Barke tangu utoto. Barke alilia kidogo, kisha akafanya kazi yake. Alichuma majani ya mkunazi akayaponda. Alitoa kafuri sandukuni, na kipande kipya cha sabuni ya mche. Akaoga, akavaa buibui, akakaa mlangoni akingoja kuitwa.

Jua likapanda. Hakuna aliyekuja.

Alipoona mashua ikitua pwani na mwanamke mgeni akishuka na kifurushi kwapani, alimjua hata kabla hajamwona uso. Alikuwa Mwanaharusi, mwosha wa kisiwa cha Chovae. Mwanaharusi alipita mbele ya mlango wake macho chini, akaenda zake nyumba ya msiba.

Nyuma ya ua Mwanalima, kwa mara ya kwanza, hakucheka. "Usiwatie makosani, Bi Barke. Bi Hafswa mwenyewe ndiye aliyeusia. Alisema, mimi nampenda Barke, lakini sitaki kwenda kwa Mola wangu na mikono inayonuka bata."

Barke alinusa viganja vyake. Ilikuwa kweli. Chini ya sabuni, chini ya udi, kilikuwemo kile kitu cha tatu kisicho na jina.

Akageuka akawatazama. Wamejipanga uani juu ya tope lao, kumi na wawili, matumbo machafu, midomo inavuja. Mmoja alikuwa amebeba kipande cha utumbo wa samaki taa, wenzake wanamfukuza, wanaukanyaga, wanaumeza, wanautapika, wanaumeza tena.

"Haya," alisema. "Kama mimi nanuka nyinyi, basi nyinyi mtanuka mimi."

Alichota maji ndoo mbili. Akakunja mikono ya kanzu. Akamshika wa kwanza, akamlaza juu ya ubao, akamwosha kama alivyofundishwa. Alianza na tumbo, akalikamua taratibu mpaka kilichomo kikatoka. Kisha sabuni, upande wa kulia, upande wa kushoto, kichwa na shingo, unyoya kwa unyoya, mpaka povu likawa jeupe. Kisha maji ya mkunazi. Kisha maji ya kafuri. Mara tatu kila mmoja, kwa witiri. Bata wakadhani ni mchezo, wakapigapiga mbawa zile zisizo mbawa. Maji yaliyotoka yalikuwa ya rangi ambayo Barke, aliyeosha maiti wa siku nne, aliifumbia macho. Lakini hakuacha. Alipowamaliza wote aliwapanga juu ya shuka nyeupe, safu moja, akakaa kuwatazama.

Walikuwa wazuri. Manjano kama kiini cha yai, wananukia kafuri. Kwa mara ya kwanza tangu waje, Barke alivuta pumzi kwa pua.

Upepo ukaja na manyunyu yake. Kwa kawaida bata hawa mvua iliwateleza tu. Mara hii maji yalizama. Manyoya yakalala, yakashikana, pakaonekana ngozi chini yake, nyekundu, ya ajabu. Mmoja akaanza kutetema. Akapiga hatua, akaanguka kifudifudi. Akaanguka na mwenzake.

Arafa aliingia na mtungi kichwani akamkuta mavyaake amepiga magoti mbele ya shuka nyeupe, bata wamelala juu yake safu moja, na harufu ya kafuri imejaa ua.

Mtungi ulianguka.

"Mama! Umewafanyaje?"

"Nimewaosha."

"Kwa sabuni? Mama, bata ana mafuta yake! Ami Omar kaniapisha tusiwatie sabuni, ukiwatoa mafuta baridi inaingia mpaka mfupani. Wataka kumwua Shee?"

Neno lile Arafa hakulikusudia, lilimtoka. Barke aliinuka hajui ameinuka. Aliwazoa bata kwa mikono miwili, akakimbilia jikoni, akapiga magoti mbele ya mafiga na kupuliza makumbi ya nazi mpaka yakawaka. Akawapangusa kwa leso. Leso ikalowa. Walikuwa wamepoa kama samaki. Hapakuwa na kitu kikavu wala chenye joto mle ndani ila yeye mwenyewe.

Akafungua kifua cha kanzu.

"Mama," alisema Arafa.

"Nyamaza, nipe."

Akawatia mmoja mmoja, ngozi kwa ngozi, huyu chini ya titi la kulia, huyu la kushoto, wengine tumboni, akajifunga leso juu yao. Vidomo vile bapa, baridi, vinavyoteleza, vikamgusa. Mwili wake wote ukasisimka kwa karaha. Aliuma meno akatazama moto. Arafa alikaa upande wa pili akipuliza makumbi na kulia.

Kisha kitu kikamtiririka tumboni, cha moto, cha majimaji, kikashuka mpaka kwenye kitovu.

"Mmoja amekunya," alisema Barke.

Arafa aliinua uso. "Alhamdulillahi."

"Na mwingine." Machozi yalikuwa yakimtoka Barke, wala mtu asingejua kama ni ya shukrani au ya kichefuchefu. "Na mwingine tena. Ewe Mola, na mwingine."

Ndivyo alivyowajua walio hai, kwa kunyewa. Alikaa vile mpaka alasiri ya siku ya pili. Watatu hawakumnyea. Aliwatoa, akawatazama, akampa Arafa awazike nyuma ya mkunazi. Wakabaki tisa.

Tangu siku ile bata hawakumtambua mtu mwingine. Arafa akimwaga chakula wanamtazama Barke kwanza. Barke akienda kisimani, tisa nyuma yake wamejipanga. Akienda chooni, tisa mlangoni, wanalalamika. Wakakua, wakawa weupe na wazito, na uchafu wao nao ukakua. Walimeza panya mzima, mkia ukiwaning'inia mdomoni. Walichimbua jaa la jirani. Mapenzi yao yalikuwa ya karaha kuliko karaha yao, maana walikuja kumfutia midomo kwenye miguu.

"Sasa umepata maamuma," Mwanalima alimwambia. "Imamu huna ndevu tu."

"Wewe mtu wa maneno, njoo ushike mmoja basi, upate thawabu."

"Thawabu nyingine naziacha."

Siku ilipofika Arafa alitaka kuwapeleka peke yake. Bata walipotiwa mashuani bila Barke walipiga ukelele uliowatoa watu msikitini. Nahodha akasema ama bibi huyu anapanda, ama ndege hawa wanashuka. Barke akapanda.

Basi Kismayu iliyaona. Barke binti Badi, mwosha wa Koyama, amefunikwa buibui mpaka machoni, akikata sokoni katikati, na bata tisa weupe wakimfuata kwa safu, wakitikisa matako, wakiacha alama kila hatua. Wafanyabiashara walisimama. Wasomali waliokuja kuuza ng'ombe, ambao kwao ndege si chakula cha mtu mzima, walitema mate na kuvuta nguo zao zisiguswe. Mmoja akamwuliza mwenzake huyu mwanamke amelaaniwa na nani. Barke alielewa kila neno, maana Kisomali alikijua kama Kibajuni cha kwao, na akaona wana haki.

Kwenye lango la kambi Omar mpishi alikuwa akiwangoja, aproni imejaa unga. Mkubwa wa kambi alitoka, mtu mnene, uso mwekundu. Alipowaona bata alipiga makofi kama mtoto. Kisha akahesabu. Akainua vidole vyote kumi, akakunja kimoja, akatikisa kichwa.

"Anasema ni tisa," Omar alisema kwa sauti ndogo. "Anasema ahadi ilikuwa kumi. Anasema hawa atawachukua, na Shee atakaa mpaka wa kumi aje."

Askari wawili wakatumwa wawaingize. Bata wakatawanyika. Askari mmoja akateleza kwenye kile kile kilichomtelezesha kila mtu, akaanguka chali, na wafungwa ndani ya seng'enge wakaangua kicheko. Bata wote tisa wakarudi mbio wakajikusanya miguuni pa Barke, wakamfutia midomo.

Mtaliani alifoka. Barke hakuondoka. Akakaa chini pale pale langoni, vumbini, na bata wakakaa.

"Omar, mwambie," alisema. "Hawa hawaingii ila nyuma yangu. Na mimi siinuki ila nyuma ya mwanangu. Akitaka kuwapiga risasi langoni na awapige, lakini bata aliyekufa na hofu nyama yake kamba, na wewe ni mpishi, mwambie hilo pia."

Omar akamwambia. Hakuna anayejua alitia chumvi gani. Mtaliani alimtazama bibi yule, akawatazama bata, na mate yakamshinda. Akapiga ukelele kuelekea kambini.

Shee alitoka kwa miguu yake. Amekonda, kichwa kimenyolewa, kiguu cha kushoto anakivuta. Barke aliinuka, akaingia lango lile na bata nyuma yake, akawapeleka mpaka banda la jikoni. Akatoka na kuufunga mlango. Walianza kumlilia kabla komeo halijaingia. Alitembea upesi. Hakugeuka, na asingeweza kusema kwa nini alivuta buibui akaziba masikio, maana alikuwa akiwachukia mpaka dakika ile.

Kwenye mashua Shee alikaa baina ya mamake na mkewe. Baada ya muda akakunja pua.

"Mama, unanuka nini?"

"Nanuka wewe," alisema Barke.

Walipofika nyumbani, Mwanalima alikuwa ameshamwaga mchanga mweupe ua mzima, na hakusema neno lolote, jambo ambalo halijatokea kabla wala baada. Shee alikaa juu ya mchanga ule. Nguo zake zilikuwa zimegandana na jasho la miezi, chawa wanatembea kwenye pindo, na kidonda cha mguuni kilikuwa na usaha na nzi. Arafa alipolifungua tambara la kidonda aligeuka pembeni akashika mdomo. Barke alitazama. Akakunja mikono ya kanzu.

"Nitaanza upande wa kulia," alisema.

"Mama, usinioshe hivyo. Mimi bado si maiti."

"Najua. Ndiyo maana." Akaisukuma sabuni kando kwa mguu. "Arafa, mwanangu, acha maji kwanza. Leta moto apate joto."